Mashuka Yaliyostaafu

Jumapili, 1 Machi

Amechaguliwa! Binti yangu amechaguliwa! Wanafunzi sabini na wawili wa mwaka wa tatu wa sheria, wamechukuliwa wanne tu, na mmoja wao ni huyu niliyembeba mimi mgongoni. Wataingia mahakamani pamoja na mwalimu wao kuwatetea watu wasio na uwezo wa kuweka wakili. Atakaa kwenye ile meza ya mbele kabisa, macho kwa macho na hakimu, na mafaili yake mkononi.

Nimemwambia baba yake aweke chini redio anayoitengeneza anisikilize. Akasema, "Nimekusikia tangu ukiwa mlangoni, mke wangu. Hata nyumba ya nne wamesikia." Basi wasikie! Nimepita mlango kwa mlango nikijifanya naazima kiberiti. Nimerudi na viberiti vitano.

Daftari hili nimelinunua leo leo, ili siku watu watakapouliza alianzia wapi, jibu liwepo. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu ulikuwa unasifiwa mpaka mwalimu mkuu alikuwa ananiita kumwandikia matangazo ya ubaoni. Sijivuni, nasema ilivyokuwa.

Mvua imeanza jioni hii.

Jumatatu, 2 Machi

Nimefika kazini nusu saa mapema, habari imejaa mdomoni. Kwetu ni kiwanda cha kufulia, tunafua mashuka ya mahoteli na hospitali, na mimi ni mkuu wa meza ya pasi, mwaka wa kumi na nne huu. Wanawake tisa chini yangu. Nimesubiri mpaka wa mwisho amefunga kitambaa chake kichwani, nikapiga meza kwa kiganja, nikasema, "Jamani, kaeni mkao wa kusikia."

Kabla sijaongeza neno, Kicheko akaruka. "Hongera, dada mkubwa! Mtoto kanipigia tangu juzi, nimeshindwa hata kulala!"

Juzi. Mimi nimeambiwa jana.

Kicheko ndiye ninayekunja naye. Shuka la hoteli halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwenzake mbili kule, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Miaka kumi na mitatu nakutana na uso ule ule kutwa nzima. Ni mjane, hana mtoto, mama yake yuko kitandani hageuki bila kugeuzwa, na bado anacheka kama mtu aliyeajiriwa kucheka. Binti yangu alipokuwa mdogo alikuwa ananisubiri hapa baada ya masomo, na Kicheko akawa anamchezesha kwenye vikapu vya nguo. Mpaka leo anamwita mama mdogo. Sawa. Lakini habari ya kwanza, jamani? Kwa mama mdogo?

Nimekunja naye siku nzima bila kumtazama. Mashuka yote yametoka upande.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Hakuna kinachokauka nje, kila kitu kinapita kwenye mvuke. Vidole vimevimba, pete haitoki.

Jumamosi, 7 Machi

Wakili wangu amekuja nyumbani. Amekaa jikoni anamenya vitunguu huku ananieleza wanachofundishwa. Kinaitwa mtazamo wa Kimaksi kuhusu uhalifu na sheria. Nauandika kama nilivyoelewa mimi. Kwamba jamii imegawanyika, wenye mali huku, wenye mikono tu kule. Kwamba sheria haikudondoka kama mvua, imeandikwa na watu, na walioandika hawakuwa wapiga pasi. Kwa hiyo maskini akichukua kitu panaitwa polisi. Tajiri akichukua panaitwa kikao. Halafu magereza yanajaa watu wa aina moja, na sisi wenyewe wa aina hiyo ndio wa kwanza kusema, "Mnaona? Watu hawa ni wezi kwa asili."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo aliyeniibia sufuria mwaka juzi hana kosa? Nimpelekee na mfuniko?"

Akacheka mpaka kisu kikaanguka. "Hapana, mama. Mwalimu anasema swali si kama kosa lipo. Swali ni nani mwenye nguvu ya kuamua lipi liitwe kosa na lipi lifumbiwe macho."

Mwalimu anasema. Nimehesabu, mara kumi na moja kabla ya vitunguu kuisha. Huyo mwalimu ni mwanamke, nimemwona kwenye picha ya simu, ana miwani mikubwa kama vioo vya gari, amemshika binti yangu bega. Nimempa jina Miwani. Najiuliza, hana wa kwake wa kumshika bega? Mimi nisimame kwenye mvuke miaka kumi na nne, halafu anayenukuliwa awe mwingine?

Jumanne, 10 Machi

Meneja mpya ameleta mizani, ile mikubwa ya kupimia magunia, kaiweka karibu na lango. Tumeshampa jina, Bwana Mizani. Anataka matambara yote yapimwe na kuuzwa kwenye magereji.

Na niandike desturi yetu, maana asiye mpiga pasi hawezi kuijua. Shuka likichakaa mpaka mwanga unapita, au likiungua, huwa tunasema limestaafu. Mkuu wa meza analiinua dirishani, analikagua, na kama kweli limekwisha anakata kona moja kwa mkasi. Shuka lisilo na kona haliwezi kurudi hotelini. Mwenye shida nalo anakwenda nalo nyumbani, mchana kweupe, mlinzi anaona. Niliikuta hivyo. Aliyeniachia mkasi naye aliikuta hivyo. Nusu ya watoto wa mtaa huu wamefunikwa mashuka yasiyo na kona, wakili wangu akiwemo.

Bwana Mizani amebandika tangazo kwenye mlango wa ofisi, ambako sisi hatupiti. Mimi ninayejisifia kusoma sikwenda kulisoma.

Ijumaa, 13 Machi

Wamemkamata Kicheko.

Tulikuwa tunatoka, tumejifunika mifuko ya plastiki kichwani kwa ajili ya mvua. Mlinzi ambaye kila siku anatutania akasema, "Leo fungueni mikoba, ni amri." Kwenye mkoba wa Kicheko kulikuwa na mashuka mawili yaliyostaafu, ya kumlaza mama yake. Bwana Mizani akatoka na mwavuli, akayaweka kwenye mizani mbele yetu sote, akasoma uzito kwa sauti. Kicheko akacheka. Alidhani ni mzaha wa mtu mgeni. Aliendelea kucheka mpaka askari wawili walipotoka nyuma ya gari. Walikuwa wamekwisha kuitwa, wakisubiri tu.

Kona za mashuka yale nilizikata mimi. Juzi, saa nane mchana, dirishani, kwa mkono huu. Kicheko alinitazama pale langoni mara moja tu. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Nayaandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Jioni binti yangu amepiga simu. "Mama, mama mdogo yuko mahabusu!" Alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Mimi nilipoungua mkono, nikalazwa siku tatu, alikuja macho makavu, akauliza kama nimeshajaza fomu.

Jumamosi, 14 Machi

Bwana Mizani ameniita ofisini. "Karibu kiti, mama mkuu." Miaka kumi na nne sijawahi kukalia kiti cha ofisi ile. Nimeletewa chai kwenye kikombe chenye kisahani. Akanisogezea karatasi iliyopigwa chapa, kwamba mimi, mkuu wa meza ya pasi, nathibitisha hakuna wakati wowote ambapo mfanyakazi aliruhusiwa kuchukua shuka, liwe zima au bovu.

"Wale wengine wataweka dole gumba," akasema. "Wewe ndiye msomi wao. Sahihi yako ina uzito."

Nikashika kalamu, nikasita. Akatabasamu. "Au labda wewe ndiye ulikuwa unawaruhusu?"

Nikatia sahihi.

Niliogopa, hilo ni kweli. Lakini kama daftari hili si la uongo, niandike na la pili. Nilipokuwa naandika jina langu nilikuwa bado nakisikia kile kilio cha kwenye simu, na mkono ulikwenda bila kutetemeka. Sahihi imetoka nzuri. Mkia wa herufi ya mwisho nimeuvuta kama kawaida yangu.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua kutwa. Wamenipa binti mgeni wa kukunja naye. Anavuta kabla hujavuta.

Jumatano, 18 Machi

Bomba la mvuke limepasuka. Fundi wa boila, tunamwita Mzee Mvuke, ameungua kuanzia kiganja mpaka begani. Tulimbeba kwenye toroli la mashuka, tukimfunika kwa mashuka mabichi ya hoteli, mapya kabisa, na hakuna aliyekuja na mizani.

Mzee huyu aliomba koki mpya ya kuzuia mvuke mara tatu. Najua, kwa sababu hajui kuandika na barua zote tatu nilimwandikia mimi. Kwenye ile ya mwisho nilipiga mstari chini ya neno HATARI.

Jumamosi, 21 Machi

Miwani ameingia nyumbani kwangu.

Amekuja na binti yangu, wamelowa wote wawili chini ya mwavuli mmoja. Kesi ya Kicheko wameichukua wao. Itakuwa ndiyo kesi ya kwanza ya binti yangu, na nilitakiwa nishangilie. Badala yake nilikuwa namtazama Miwani anavyokaa kwenye kiti cha mume wangu, na jinsi binti yangu alivyomkimbilia na taulo. Taulo langu jipya, la wageni. Mimi mwenyewe sijawahi kulitumia.

"Mama, nimesikia sifa zako nyingi," Miwani akasema.

"Na mimi zako nimezisikia," nikamjibu. "Mpaka nimezikariri."

Mume wangu akakohoa. Miwani akafungua daftari. "Mteja wetu amenyimwa dhamana kwa sababu hana hati ya nyumba wala mdhamini mwenye hati. Wiki nzima yuko rumande kwa mashuka mawili. Wewe uko pale miaka mingi. Je, kulikuwa na desturi yoyote ya kuchukua mashuka mabovu?"

Binti yangu akanitazama kwa macho ya mtu anayejua jibu, anasubiri tu litamkwe. Amelala kwenye mashuka hayo utoto wake wote! Ningesema tu.

Lakini alikuwa amekaa ubavuni kwa Miwani, magoti yao yanagusana.

"Mimi kazi yangu pasi," nikasema. "Ya langoni waulizwe wa langoni."

Binti yangu akainuka, akachukua mwavuli. Walipoondoka mume wangu aliinama kwenye redio zake. Akasema bila kuinua kichwa, "Shuka la kitandani kwetu lina kona ngapi, mama wakili?" Anajua ni tatu.

Jumanne, 24 Machi

Mkaguzi amekuja kuhusu boila. Magari mawili. Wamekaa ofisini tangu saa nne mpaka saa saba, tumesikia vicheko. Matokeo yamebandikwa. Mwenye kiwanda amepewa barua ya onyo.

Hawakuita polisi. Hakuna hata mmoja aliyetamka neno kosa. Wamesema ajali. Mzee Mvuke mkono wake hautanyooka tena, na walichoandikiana ni barua. Kicheko kabeba matambara mawili, na yuko nyuma ya vyuma. Siku nzima nimepiga pasi nikitafuta tofauti, na tofauti niliyoiona ni kwamba mmoja ana lango na mwingine anapita langoni.

Mwanangu alinieleza haya jikoni, nikamjibu kwa mzaha wa sufuria.

Jumapili, 29 Machi

Nimekwenda rumande. Nilisema nakwenda kumwona Mzee Mvuke, hata mume wangu nimemdanganya. Nimepeleka sabuni na kitana, nikakuta binti yangu alishapeleka sabuni na kitana, tena sabuni bora kuliko yangu.

Kicheko amekonda shingo. Tumeongea kupitia wavu.

"Dada mkubwa! Umeacha meza kwa nani? Yule mgeni anajua kukunja?"

"Anavuta kabla."

"Hee! Mtapasua mashuka, Bwana Mizani ayapime." Akacheka, mlinzi akamwambia anyamaze. Halafu akasogeza mdomo kwenye wavu. "Nimewaambia niliyaokota pembeni ya pipa. Kona sijui nani kazikata, labda panya. Wewe una mtoto anayesoma. Mimi nina mama tu, na mama anatazamwa."

"Na nani?"

"Na mwanao. Kila jioni anakwenda kumgeuza na kumwosha. Hajakwambia?"

Hajaniambia. Mgongo wangu unauma tangu mvua zianze, sijamwona hata kuuliza. Nimerudi kwa miguu nikiwa na hasira, na sikuweza kuamua namkasirikia nani. Mwanamke ananificha, anakaa kwenye sakafu ya saruji kwa ajili yangu, na mimi naona wivu kwa sababu hata wema wake umezidi wangu.

Alhamisi, 2 Aprili

Amekuja leo, siku ya masomo, hajafungua hata mwavuli. Amesimama mlangoni maji yanamtiririka.

"Ingia, mwanangu, utaugua."

"Tumepewa faili la mashtaka, mama." Hakuingia. "Kielelezo cha tatu ni barua. Mwalimu alikuwa anatusomea kwa sauti. Alipofika kwenye mkuu wa meza ya pasi nikasema moyoni, watakuwa wamemweka mwingine. Akanipa niione. Mama, nimeuona ule mkia wa herufi. Uliuandika kwenye kila daftari langu, kwenye kila karatasi ya ripoti."

"Niliogopa kazi."

"Kuogopa naelewa. Hata mwalimu amesema mtu mwenye..."

"Usinitajie mwalimu wako ndani ya nyumba hii!"

Baba yake akainua kichwa. Binti yangu akaingia sasa, akasimama mbele yangu. "Amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Kila unachosema ni mwalimu anasema. Kila unachokwenda kufanya ni mama mdogo. Umemlilia Kicheko mpaka kwikwi. Mimi nilipoungua hukutoa chozi."

Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Mama, nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa najaza fomu zenu ili wakulipie matibabu, kwa sababu walisema ni uzembe wako. Nililia chooni. Ulitaka nilie mbele yako?"

"Ndiyo," nikasema. "Ningefurahi."

Mume wangu akachukua redio moja akatoka nayo nje, kwenye mvua ile.

"Nani alikata zile kona, mama?"

"Kicheko hajakwambia?"

"Anasema panya. Mama mdogo hajui kudanganya, alikuwa anacheka."

Nilitaka kusema panya. "Mimi," nikasema. "Nilikata mimi."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata pa kumshika. Alisema tu, "Kwa hiyo nimtetee kwa kuthibitisha kwamba mama yangu ni mwongo." Akaondoka. Taulo nililomtolea, lile la wageni, limebaki mkononi mwangu.

Ijumaa, 3 Aprili

Hajapiga.

Jumapili, 5 Aprili

Hajapiga. Jirani kauliza, "Vipi, wakili wetu ameshaanza kesi?" Nimemwambia ana mafua.

Jumatano, 8 Aprili

Nimeomba ruhusa ya kwenda hospitali, nikaenda chuoni kwa Miwani.

Nilivaa gauni langu la sherehe na nilikuwa nimepanga maneno, maneno makali, ya kumwambia anirudishie mtoto. Ofisi yake ni ndogo kuliko jiko langu. Ndoo imewekwa katikati, paa linavuja. Akaondoa mafaili kwenye kiti cha pili nikae. Alipovua miwani kuifuta, macho yake yakawa madogo, mekundu pembeni, kama macho ya mtu wa mvuke.

Maneno yote makali yakanipotea. Nikauliza, "Nikisema ukweli, Kicheko atatoka?"

"Siwezi kukuahidi. Hakuna karatasi iliyosema mnaruhusiwa. Lakini mtu aliyechukua akiamini kwa dhati ni haki yake, huyo si mwizi. Na anayeweza kumweleza hakimu kwa nini aliamini ni aliyeshika mkasi."

"Na mimi?"

"Kazi utapoteza. Wanaweza kukushtaki na wewe, kwa kuruhusu, au kwa ile barua. Nitakutafutia wakili mwingine wa kusimama nawe. Sitaki uende ukiwa hujui."

Nikamshukuru kwa kunieleza kama mtu mzima. Halafu nikauliza nililokwenda kuuliza. "Binti yangu anasemaje?"

Akafungua droo, akanipa karatasi. Mwandiko niliufundisha mimi, kwenye meza ya kulia, kwa mkono juu ya mkono. Ameomba kutolewa kwenye kesi. Ameandika: Najua mama amekosea. Lakini siwezi kukaa kwenye meza ambayo kazi yake itakuwa kumwita mwongo mbele ya watu.

"Nafasi anachukua nani?"

"Mwenzake katika wale wanne, binti wa mwenye maduka."

Nimemwona huyo kwenye picha. Viatu vyake peke yake vinatosha kulipa dhamana ya rumande nzima.

Wiki tano hizi nilikuwa natamani mwanangu anichague mimi, awaache Kicheko na Miwani. Kumbe alishanichagua, na kwa kunichagua amepoteza kiti nilichokitangaza nyumba kwa nyumba. Nimewashinda wote wawili. Nilikaa pale nasikiliza matone yanaingia kwenye ndoo, na sikuona pa kushangilia.

"Nipe karatasi tupu," nikamwambia Miwani. "Na kalamu nzuri. Hii yako inakwaruza."

Jumamosi, 11 Aprili

Nimewaita wenzangu wa meza nyumbani. Wamekuja wote wanane, kila mmoja amekasirika kwa namna yake. Niliwaambia nimetia sahihi uongo, na Jumatatu naenda kuufuta.

"Wewe utafuta kwa kalamu," akasema mnene wetu wa mashine ya mwisho. "Sisi tulioweka dole tutafuta kwa nini? Kwa ulimi?"

"Kwa kusema tu ukweli."

"Ukweli unalisha watoto wangapi, mama wakili?"

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mdogo wao akalia. Mwingine akasema siku zote nilikuwa najiona, na kama si kujiona nisingeitwa kwenye kiti. Nikasema ni kweli. Wakatazamana, maana hawakuzoea nikubali.

Nikafungua sanduku langu. Mashuka kumi na moja, yote kona zimekatwa. Pindoni kila shuka lina chapa ya hoteli na mwaka. La zamani kuliko yote lilikatwa kona kabla mimi sijaajiriwa, nilirithishwa na mkuu aliyenitangulia. Yule mnene akaligeuza geuza. "Ninalo lenye chapa ya mwaka huo huo," akasema polepole. "Nimefanya pazia." Akainuka akaenda kulitungua. Jioni tulikuwa na mashuka arobaini na matatu sakafuni, na wawili waliosema hawataki kesi walileta ya kwao, wakaomba tu wasitajwe.

Miwani amekuja kuyachukua na gari la kuazima. Nimemwandalia kiti. Taulo pia.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimempelekea Bwana Mizani nakala ya maelezo yangu mapya mwenyewe, sikutaka asikie kwa watu. Kaisoma amesimama.

"Umefukuzwa kazi."

"Kwa mdomo au kwa barua?"

"Kwa barua."

"Basi mwenye mwandiko mzuri ndiye aiandike. Itakwenda kwa hakimu pamoja na zile barua tatu za koki. Nakala zake ninazo."

Hakunikaribisha kiti.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua ya mwishomwisho, nyepesi. Nimekwenda kumgeuza mama yake Kicheko. Nilimkuta binti yangu pale, ameshika pembe mbili za shuka peke yake, anahangaika. Nikashika zile mbili nyingine. Tumevuta, tumekutana katikati. Mama mtu mzima akatuambia tufanye haraka, mgongo unapata baridi.

Ijumaa, 24 Aprili

Jua limewaka siku tatu mfululizo. Mashuka ya watu yamejaa kwenye kamba.

Wito wangu umeletwa leo na mtu wa mahakama, ameutoa mbele ya jirani, na mimi nimeusoma kwa sauti kuanzia juu mpaka muhuri. Wakili niliyetafutiwa wa kunisimamia ni kijana mpole, anasema nijibu ninachoulizwa tu nisiongeze. Mume wangu akamwambia, "Pole sana, mheshimiwa."

Binti yangu yuko hapa, amelala chumbani kwake tangu jana. Hakunifundisha la kusema, anasema haruhusiwi, na sasa anafuata sheria hata pale inapomuuma. Nilimuuliza anajisikiaje yeye, yule binti wa mwenye maduka akikaa kwenye kiti chake. Akasema, "Mama, amesoma faili usiku na mchana. Atafanya vizuri." Nikamwambia asimsifu sana mbele yangu, bado sijapona. Akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze alicheka kwa jambo nililosema mimi.

Sijui hakimu ataamuaje. Kicheko anaweza kutoka, na anaweza kurudishwa kule, na mimi nikamfuata. Miwani anasema mahakama hiyo haijazoea kusikia neno desturi kutoka kwa mpiga pasi. Itazoea. Kicheko ametuma salamu kwamba atajitahidi asicheke. Hatajitahidi vya kutosha, namjua, na chumba kizima kitampenda kuliko mimi. Wampende. Lakini atakayeitwa kwanza ni mimi.

Mume wangu atafunga banda la redio. Mzee Mvuke atakuja na mkono wake kwenye bandeji. Wenzangu wa meza wanakuja sita, na wa saba anasema atapita tu nje, aonekane kama mpita njia. Binti yangu atakaa benchi la watazamaji, pembeni ya baba yake, mahali ambapo nikiinua macho nitamwona. Ni chumba namba mbili, ghorofa ya chini, na mlango unafunguliwa mapema, kwa hiyo anayetaka kukaa mbele awahi. Wote wanakuja Jumatatu, tarehe 27, saa tatu asubuhi.